Upepo Ukipungua Ndipo Tairi Linapasuka

Ijumaa iliyopita, saa kumi alasiri, tulimaliza kufunga matairi manne mapya kwenye Altezza ya kijana mmoja hapa Kizota, Dodoma. Matairi ya spoti hasa, 215/45R17, yenye herufi W ubavuni. Tuliyafanyia balansi moja baada ya jingine, tukabadilisha vali zote nne, tukakaza nati kwa spana yenye kipimo, tukajaza upepo kwa namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa gari lake. Kijana akalipa, akashukuru, akaingia garini. Kisha akateremsha kioo.

"Shikamoo tena, fundi. Alfajiri naelekea Dar. Kwa joto hili, nipunguze ngapi?"

Sikiliza swali lenyewe lilivyo. Hakuuliza kama inafaa kupunguza. Hilo lilikwisha kuamuliwa siku nyingi: na baba yake, na dereva wa basi aliyewahi kukaa naye kiti cha mbele, na fundi wa pancha wa mtaani kwao. Alichotaka kwangu ni namba tu: nne, sita au nane. Swali hilo hilo nimeulizwa na mkurugenzi, na padri, na dereva wa lori la alizeti, na mama anayempeleka mtoto shule ya bweni Morogoro. Tangu ofisi za Serikali zihamie Dodoma, kila Ijumaa mchana kuna msururu wa magari yanayojiandaa kushuka pwani, na kila Ijumaa naulizwa. Treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024 imenipunguzia waulizaji, lakini haikuwamaliza. Nimechoka kulijibu dirishani, gari likinguruma na mwenye gari akitazama saa. Leo nalijibu kwa maandishi.

Jibu ni sifuri. Usipunguze hata moja.

Hoja ya wanaopunguza naijua kwa moyo. Hewa ikipata joto inatanuka. Lami ya kati ya Gairo na Dumila saa saba mchana haikanyagiki kwa mguu mtupu. Basi hewa itatanuka, itajaa, itatafuta pa kutokea, na tairi litapasuka kama puto. Ukitoa kidogo kabla ya safari, unaiachia hewa nafasi ya kutanukia. Sentensi mbili za kwanza ni kweli tupu. Kuanzia ya tatu ni makosa, na makosa yenyewe yanaua.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo haina ushabiki. Chukua tairi lililojazwa psi 33 alfajiri ya Dodoma, nyuzi 18. Baada ya saa moja na nusu ya mwendo wa barabara kuu, hewa iliyomo ndani inaweza kufika nyuzi 58 hivi. Fanya ile hesabu ya gesi uliyofundishwa sekondari, na kipimo kitasoma 39 na kitu kidogo. Sita zaidi. Sasa inama usome ubavu wa tairi hilo hilo. Kuna maandishi madogo yanayotaja kiwango cha juu cha upepo, na kwa matairi ya magari madogo mara nyingi ni 44 au 51. Kiwango hicho ni cha tairi likiwa baridi. Aliyelitengeneza anajua kwamba litapata moto, anajua kwamba kipimo kitapanda, na nafasi unayodhani unaiacha wewe yeye aliiacha kiwandani. Tairi zima halipasuki kwa 39. Halipasuki kwa 50.

Na hilo puto tuliweke kando moja kwa moja. Puto ni mpira mtupu, ndiyo maana linatanuka hadi linapasuka. Tairi ni nyuzi. Kuna nyuzi za poliesta zinazovuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kuna mikanda ya waya za chuma chini ya kashata, kuna pete ya chuma inayoing'ang'ania rimu. Mpira unaouona ni nyama iliyofunika mifupa hiyo. Mifupa hiyo inavumilia kuvutwa na hewa miaka mingi. Isichokivumilia ni kukunjwakunjwa.

Hapa ndipo penyewe, naomba utulie nami. Chukua waya wa kufungia uzio, ukunje na kuukunjua mahali pamoja, haraka haraka, mara ishirini. Kisha uguse kwa kidole. Utakuta umepata moto, na hapakuwa na jua wala jiko. Ukiendelea, unakatika. Tairi nalo ni vivyo hivyo. Kila sehemu yake inapogusa lami, ubavu unajikunja chini ya uzito wa gari. Ikiinuka, ubavu unanyooka. Tairi la 215/45R17 lina mzingo usiofika mita 2. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, linazunguka mara 14 hivi kila sekunde. Kutoka hapa hadi Dar ni kilomita 450 hivi, maana yake ni kujikunja na kunyooka karibu mara 230,000 kabla hujafika Ubungo. Joto kubwa la tairi linatoka huko, kwenye kukunjwa kwake lenyewe. Jua na lami vinaongezea tu.

Na kinachoamua ubavu ujikunje kiasi gani ni nini? Ni upepo. Upepo ndio unaobeba gari; ubavu wenyewe ni mwepesi, na wa tairi la spoti ni mfupi pia, kwa hiyo hauna pa kupelekea mkunjo. Ukitoa psi sita, umeondoa sehemu ya kile kinachobeba gari, uzito ukabaki ule ule, na ubavu unakunjwa zaidi kila unapogusa chini, mara 14 kwa sekunde, saa tano mfululizo. Joto linapanda. Linalainisha mpira, linalegeza ushikamano wa mpira na waya, mikanda inaanza kuachana. Siku ya kupasuka, dereva atasema ni jua.

Sasa tazama jinsi imani hii inavyojithibitisha yenyewe machoni pa anayeiamini. Dereva anasimama Gairo kunywa chai, anapima matairi yakiwa ya moto, anakuta 39. Anashtuka. Anatoa hadi 33, namba aliyoambiwa ndiyo sahihi, anaondoka moyo ukiwa mweupe. Lakini 33 ya tairi la moto ni sawa na 27 ya tairi baridi. Sasa tairi ni laini, linakunjika zaidi, linapata moto zaidi, na Morogoro kipimo kimepanda tena. Anatoa tena. Kila anapotoa anajiona amejiokoa, na kila anapotoa ndipo anaposababisha joto analolikimbia. Kipimo kinachopanda ni sawa na kipimajoto kwa mgonjwa. Hakuna daktari anayetibu homa kwa kukitikisa kipimajoto kishuke.

Sisemi haya kwa vitabu tu. Mwaka jana mteja mmoja aliletwa hapa gari likiwa juu ya lori la kubebea, Mark X, tairi la nyuma kushoto limechanika mbele kidogo ya Kibaigwa, gari likazunguka mara moja na kusimama kwenye majani. Watu wanne ndani, hakuna aliyeumia, na namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo. Alikuwa amepunguza yote manne hadi 25 "kwa ajili ya joto". Tulitoa lile tairi kwenye rimu mbele yake. Kashata zilikuwa nzima, zina mwaka mmoja mbele yake. Ubavu ulikuwa umekatika kuzunguka pande zote kama mtu aliyefungua kopo. Ndani ya rimu mlikuwa na unga mweusi, mwingi wa kujaza kiganja. Unga huo ni ubavu uliojisaga wenyewe kwa kukunjwa. Tukatoa na yale matatu yaliyobaki, yaliyoonekana mazima kwa nje, na kila moja lilikuwa na unga wake. Tairi lililopigwa na shimo linaacha mpasuko wa nyota au msalaba. Tairi lililokufa kwa upepo mdogo linaacha unga. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii sijaletewa tairi zima la gari dogo lililopasuka kwa sababu hewa ilipata joto ikakosa nafasi. Ya unga nimeletewa mengi, nimeacha kuyahesabu.

Na anayetaka ushahidi mkubwa kuliko karakana ya Kizota, upo. Agosti 2000, kampuni ya Firestone nchini Marekani ilitangaza kurudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa chini ya magari ya Ford Explorer. Kashata na mikanda vilikuwa vikibanduka barabarani kwa mwendo kasi, magari yanapinduka, na zaidi ya watu 200 walikufa. Ajali nyingi zilikuwa katika majimbo ya joto ya kusini. Kampuni mbili zikatupiana lawama: Ford ikanyooshea kidole matairi, na Firestone ikanyooshea kidole gari na upepo, kwa kuwa Ford ilikuwa imependekeza psi 26 kwenye Explorer na Firestone ikaona 30 ndiyo ya usalama zaidi. Tairi lenye kasoro, joto, mzigo, mwendo kasi na upepo mdogo vilikutana mahali pamoja. Kabla mwaka huo haujaisha Bunge la Marekani lilitunga sheria, na kufikia magari ya mwaka 2008 kila gari dogo jipya nchini humo lilitakiwa kuwa na kifaa kinachomwonya dereva. Kinamwonya nini? Kwamba upepo umepungua. Ile taa ya njano yenye umbo la kiatu cha farasi na alama ya mshangao katikati imezaliwa huko. Fikiri kidogo: taifa lenye jangwa la Arizona halikulazimisha taa ya kuonya kwamba hewa imezidi kwa joto. Magari mengi ya Kijapani tunayoyanunua hayana taa hiyo kabisa, kwa hiyo kazi yake ni yako.

Imani hii haikuzuka hewani, na walioileta si wajinga. Baba zetu waliendesha Peugeot na Land Rover kwenye barabara za vumbi zenye matuta ya kutetemesha meno, kwa mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa, na tairi laini lilipunguza mtetemo. Kwa mwendo ule lilihimili. Ndugu zetu walioko Muscat nao wanajua kwamba ukienda kwenye mchanga wa Bidiya lazima utoe upepo hadi 15 au 18, tairi lilale na kupata mguu mpana. Ni kweli, nami nikikwama kwenye korongo la mchanga huku Bahi nafanya hivyo hivyo. Lakini waulize hao wa Muscat wanafanya nini wakitoka mchangani. Wanasimama pale pale lami inapoanzia na kujaza upya kabla ya kuongeza mwendo. Sehemu hiyo ya somo haikusafiri hadi kwetu.

Kijana wa Altezza alikuwa na hoja nyingine, ya kisasa: ameona kwenye video madereva wa mashindano wakipunguza. Wanapunguza, ndiyo. Wana mtu mwenye kipimo anayewasubiri kila wanaporudi, wanajua tairi lao linataka kufikia psi ngapi likiwa la moto, wanakimbia dakika ishirini, gari halina abiria wala gunia la karanga, na jioni matairi yanatupwa. Wewe una kilomita 450, shangazi kiti cha nyuma, na matairi unayotaka yakae miaka minne. Na ile herufi W uliyoilipia, inayoahidi kwamba tairi linahimili kilomita 270 kwa saa, inaahidi hivyo likiwa na upepo wake kamili. Ukiutoa, umetupa ahadi uliyoinunua.

Kuna jambo moja la huku kwetu uwanda wa juu ambalo watu wachache wanalifahamu, na linafaa kujulikana. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nje huku ni nyepesi kuliko ya Dar, na geji inapima tofauti kati ya hewa ya ndani ya tairi na ya nje. Tairi lile lile, kwa joto lile lile, likishuka kutoka hapa hadi baharini linasoma karibu psi 2 pungufu bila kuvuja hata tone. Upande wa pili, alfajiri ya Dar ina joto kuliko alfajiri ya Dodoma, kwa nyuzi saba au nane hivi, na hilo linarudisha psi moja na kitu. Vinakaribia kufutana. Anayetoka hapa na namba yake sahihi anafika pwani akiwa nayo takriban ile ile. Anayetoka hapa amepunguza sita, mlima unamtoa nyingine. Kama kuna safari moja nchini ambayo si ya kupunguza upepo, ni hii ya kushuka.

Kujaza kupita kiasi nako ni kosa: tairi linalika katikati, linaruka kwenye mashimo, breki zinashika vibaya. Lakini hakuna mtu anayeniuliza azidishe ngapi.

Swali la pili la yule kijana lilikuwa zuri, nalo nalijibu kwa moyo mkunjufu: je, matairi mapya yanahitaji kuzoeshwa? Yanahitaji. Tairi la spoti linapotoka kwenye kalibu ya kiwanda huwa na utando laini juu, unaotokana na dawa inayolisaidia libanduke kwenye kalibu hiyo. Utando huo unateleza hadi lami iukwangue. Kisha tunapolivalisha kwenye rimu tunapaka sabuni ukingoni ili likae bila kuchanika, na sabuni hiyo inahitaji siku nzima au zaidi kukauka. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu au kupiga breki kali kabla ya hapo, rimu inaweza kuzunguka ndani ya tairi na balansi yote tuliyofanya inapotea. Tena kashata mpya ni ndefu, milimita 8 hivi, zinayumba kidogo zinapobanwa kwenye kona, na gari litahisika zito la kuitika usukani kuliko ulipokuwa na matairi ya zamani. Dereva asiyejua hili anarudi kulalamika kwamba tumemuuzia matairi mabovu. Watengenezaji wanatofautiana: wengine wanataka kilomita 300 za upole, wengine 800. Mimi nasema 500. Upole maana yake ni kuongeza mwendo taratibu, kuacha nafasi kubwa mbele, kuingia kona kwa adabu. Wiki mbili tatu za kwenda kazini Mtumba na kurudi mjini zinatosha.

Kuchoma tairi, yaani kulizungusha papo hapo hadi moshi utoke, si kulizoesha. Unaunguza sehemu moja ya kashata na kuacha nyingine ilivyokuwa, na kijana anayefanya hivyo kwenye matairi ya siku moja ametupa kilomita elfu kadhaa kwa dakika moja.

Ndiyo maana sipendi kufunga matairi mapya Ijumaa kwa safari ya Jumamosi. Na ndiyo maana sipendi kabisa kuyafunga siku mvua ya kwanza inapotishia. Mvua zetu hapa, kiasi cha milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote zinaanguka kati ya Desemba na Aprili. Lami inakaa miezi saba ikikusanya vumbi, mafuta na mabaki ya mpira, na dakika ishirini za kwanza za mvua zinageuza mchanganyiko huo kuwa mlenda. Tairi lenye utando wa kiwandani juu ya mlenda huo halikamati kitu. Kama unangojea mvua ndipo ubadilishe matairi yenye vipara, badilisha Novemba mapema, uyazoeshe mapya pakiwa pakavu.

Mengine nayapitia haraka, kwa kuwa hayana ubishi. Soma tarehe kabla ya kulipa: namba nne za mwisho kwenye mstari wa herufi DOT ni wiki na mwaka, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, na tairi hilo leo silinunui hata likiwa na nywele zake za kiwandani. Tairi la mtumba lenye alama ya mlima wa vilele vitatu na theluji ndani yake, kashata zake zimechanwachanwa kama jani la mgomba, ni la baridi ya Hokkaido. Mpira wake ni laini mno kwa lami yetu, breki zinachelewa, linaisha kama kifutio. Yamejaa kwenye magari yanayoshuka bandarini, angalia la kwako. Subaru haichanganyiwi: matairi manne ya aina moja na mzingo usiopishana zaidi ya milimita 6, sawa na milimita moja tu ya kashata, ama sivyo unaua kigawa nguvu cha katikati ya gari kwa kuokoa bei ya tairi moja. Ukinunua mawili tu kwa gari la kawaida, mapya yaende nyuma. Mshale wa mzunguko ufuatwe, na upande ulioandikwa kuwa wa nje ukae nje. Zunguka gari uhakikishe mwenyewe kabla ya kuondoka. Rimu za spoti na ubavu mfupi havifungwi kwa vyuma vya kukwanyulia barabarani, tafuta mashine. Mashine isisukume zaidi ya psi 40 ili ukingo ukae; ukikataa kukaa kwa 40, tairi litolewe, lipakwe sabuni, lirudiwe. Vali mpya kila unapobadilisha tairi. Nati zikazwe kwa msalaba na kwa spana yenye kipimo, si kwa fundi kusimama juu ya mpini, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Alaimenti siku hiyo hiyo. Naitrojeni si mbaya, lakini hewa unayoivuta ni naitrojeni asilimia 78 tayari, na hiyo iliyobaki haitakuokoa ikiwa umepunguza. Dizeli na oili chafu za kung'arishia tairi zinaula mpira. Maji na sabuni vinatosha. Miiba ya migunga ya huku inaingia bila kelele na kuvujisha taratibu, kwa hiyo tairi moja likipungua peke yake kila wiki lisijazwejazwe tu, litolewe litazamwe. Spea nayo ina upepo, ipime.

Namba yako iko wapi? Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Kibandiko kimeandikwa Kijapani lakini tarakimu ni zile zile: 220 ni psi 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Kama kimebanduka, tafuta kijitabu cha gari au uulize kwa jina la modeli na ukubwa wa tairi, usikisie. Vibandiko vingine huwa na namba mbili, ya gari tupu na ya gari lililojaa. Ukiwa na abiria watano na mizigo, tumia ile kubwa. Umenisikia vizuri: safari ndefu yenye mzigo ni ya kuongeza.

Geji ndogo ya mkononi si kitu cha bei kubwa, inakaa kwenye droo ya gari, na inasema ukweli kuliko teke la kiatu. Pima alfajiri, kabla injini haijawaka na kabla jua halijapiga upande mmoja wa gari. Njiani ukipima ukakuta imepanda sita, iache. Ikiwa imepanda kumi, usitoe. Punguza mwendo, pumzika kivulini, na siku ya pili asubuhi angalia, utakuta ulianza safari ukiwa na upungufu.

Yule kijana nilimwambia haya yote, kwa ufupi kuliko hapa. Aliondoka Jumamosi na 33 zake. Jumapili usiku aliniandikia kutoka Dar: alipima Gairo akakuta 39, akaiacha. Jumatatu asubuhi akaandika tena: gari likiwa limelala, geji ilisoma 32.